Ubunifu wa msanii na wa mhandisi unatofautiana wapi hasa?

Mchoro_Wazi: Wakuu, timu inabuni taa ya mezani. Wahandisi wanaua wazo kabla halijasimama. Wachoraji nao wanageuza umbo hata vipimo vikishakubaliwa. Wanafikiri tofauti kweli, au utaratibu wa kikao ndio mbovu?

Nati_na_Bolti: Mawazo wote wanayo. Tofauti ni nani anayeyakataa. Mwaka 1901 ndugu wawili Wright, wale wa ndege, walijaribu vibawa vya maumbo mengi ndani ya sanduku la kupulizia upepo. Umbo lisilonyanyua liliondolewa na namba. Sasa tazama picha alizopiga Dora Maar mwaka 1937 mchoraji Picasso akichora picha yake Guernica: mwanzoni kuna mkono ulioinuliwa, ngumi imefumbwa, baadaye umefutwa. Hakuna kipimo kilichosema ngumi ile imekosewa. Msanii ana ruhusa ya kubadilisha swali lenyewe kazi ikiendelea.

Vina_na_Mizani: Mkuu, usimfanye msanii huru kiasi hicho. Mtunzi wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, ana mizani 16 kila mshororo, 8 kwa 8, tena vina vya kati na vya mwisho. Ila kifungo hicho kakichagua mwenyewe. Kikimbana, anahamia bahari nyingine, yaani aina nyingine ya shairi. LED, kile kitoa mwanga cha taa, haina pa kuhamia: ikizidi joto, mwanga unafifia na umri unapungua.

Kalibu: Tenganisheni hatua. Dakika 10 za kwanza kila mtu achore kimya, kwa sababu anayetangulia kusema huwavuta wengine upande wake. Kisha wahandisi walete masharti yasiyovunjika tu, matano yanatosha, kila moja na namba yake. “Isichome mkono” ni matakwa. “Ganda lisizidi nyuzi 50” ni sharti. Baada ya hapo mifano miwili sambamba: umbo la kadibodi, na umeme mtupu bila ganda.

Umbo lifungwe, yaani lisibadilike tena, kabla ya kuchonga kalibu, chuma cha kumiminia plastiki ya ganda. Hapa ndipo wengi wanaumia. Kuongeza unene wa plastiki baadaye ni rahisi, unachonga chuma zaidi. Kuupunguza ni kazi nyingine: chuma kilichokwisha kuchongwa mara nyingi hurudishwa kwa kulehemu, na alama huweza kuonekana.

Mchoro_Wazi: Na rangi? Wachoraji hawatakubali kuifunga mapema.

Kalibu: Iacheni wazi, kalibu haiguswi. Isipokuwa kama ganda ni la alumini na ndilo linalopoza taa. Alumini iliyong'arishwa hutoa joto kwa mnururisho kidogo sana kuliko iliyopakwa rangi, kwa hiyo mkiamua kuiacha tupu, pimeni joto upya.