Seti ya zamani kwa anayeanza dramu: Ludwig, Premier au Tama?

Mgeni wa Vijiti
Wakuu, heshima kwenu. Najifunza dramu na mpaka sasa napigia seti ya kuazima. Nataka yangu, na seti mpya hazinivutii hata kidogo, roho iko kwa za zamani. Nimepata tatu, zote kwa watu binafsi, na nimeruhusiwa kwenda kuzikagua.

Ya kwanza ni Ludwig ya miaka ya 1960: kiki (ngoma kubwa ya kupigwa kwa pedali) inchi 22, tomu (ngoma za kati) 13 na 16, nyeusi. Haina snea (ngoma yenye nyaya chini), na kiki ina matundu mawili ambayo hayakutoka kiwandani. Hii ndiyo ghali kuliko zote. Ya pili ni Premier ya Uingereza, mwenyewe anasema ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, imekamilika na snea yake, inang'aa utadhani haijawahi kuguswa. Ya tatu ni Tama Imperialstar ya miaka ya 1980, kiki 22, tomu 12, 13 na 16, ina stendi zote na pedali. Hii imechubuka na chuma kina kutu kidogo.

Mngekuwa ninyi mngechukua ipi?

Shabiki wa Sitini
Ludwig. Tarehe 9 Februari 1964 Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, alikaa nyuma ya Ludwig kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan, Wamarekani wapatao milioni 73 wakitazama, na tangu siku hiyo kila kijana aliyetaka bendi alitaka jina lile lionekane kwenye kiki yake. Ila usidhani ni jina tu. Mizinga (miili ya ngoma) ya wakati ule ni ya tabaka tatu za mbao, myembamba, ina pete za kuimarisha kwa ndani. Sauti yake nene, haivumi kupita kiasi. Na siku ukichoka nayo, mnunuzi hakosekani.

Fundi Mizinga
Shabiki kasema kweli kuhusu sauti, ila mgeni hanunui sauti peke yake.

Hayo matundu mawili hayataharibu mlio. Yanaharibu thamani, kwa sababu wakusanyaji wanataka mzinga usiotobolewa. Wewe si mkusanyaji, kwa hiyo yatumie kuteremshia bei. Hofu yangu iko kwenye vitu viwili ambavyo picha haionyeshi: mzinga kupoteza uduara, na kingo kupinda.

Omba ngozi, zile zinazopigwa, zitolewe. Akikataa, aga uondoke. Chukua futi ya chuma upime kipenyo pande nne tofauti. Vipimo vikitofautiana kiasi cha kuonekana kwa macho, ngoma hiyo itakusumbua kila ukiikaza. Kisha ulaze mzinga mtupu juu ya kioo kinene kilicho bapa, washa tochi ndani, zima taa za chumba. Pale mwanga unapopenya chini ya ukingo ndipo ngozi haitakaa sawa. Kuna wanaokimbilia kuchonga kingo upya. Inawezekana, lakini ni kazi ya fundi mwenye mashine, na kwenye mizinga ile ya zamani ukichonga vibaya umeua ule mlio uliokuwa unaufuata.

Usiamini pia mwaka unaotajiwa. Namba za Ludwig zilianza kuwekwa kwenye nembo mwishoni mwa 1963, na nembo hazikupachikwa kwa mpangilio. Chungulia ndani ya mzinga kama kuna tarehe iliyogongwa muhuri wa wino. Hiyo ndiyo yenye maana.

Mama Tempo
Mwanangu, hiyo Premier usiilipie kabla hujaipima. Kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 Premier walikuwa na vipimo vyao wenyewe, mizinga ya tomu na snea mipana kidogo kuliko ya Kimarekani. Unanunua ngozi iliyoandikwa inchi 14, unafika nyumbani, haiingii. Enzi za ngozi ya ndama hili halikumuumiza mtu, maana ngozi ililowekwa na kuvingirishwa kwenye pete kwa kipimo cha ngoma yenyewe. Kampuni ya Remo ilipoanza kuuza ngozi za plastiki mwaka 1957, pete ikawa imeshafungwa tayari kiwandani: inakaa au haikai.

Ngozi za vipimo hivyo zinapatikana kwa kuagiza. Kwa mtu anayejifunza, anayetoboa ngozi kila mara kwa sababu mkono haujatulia, kuagiza ni adha. Vinginevyo ni ngoma nzuri mno hizo, na chuma chao kilipakwa kromu ya hali ya juu, ndiyo maana yako bado inang'aa.

Besi Nzito
Mbona hamsemi la stendi? Seti nyingi za sitini zina stendi nyepesi za miguu bapa. Zinabebeka vizuri, lakini weka toazi kubwa upige kwa nguvu uone. Miguu ya kiki nayo huteleza, unamaliza wimbo kiki imesogea mbele. Kwa Ludwig atahitaji snea, stendi, pedali na kiti, vyote vya kununua kando. Tama ina stendi zote na pedali, na mabomba ya stendi zake ni mazito kwelikweli. Kutu ya juu inatoka. Mimi kura yangu kwa Tama.

Shabiki wa Sitini
Ya 1980 siku hizi ni ya zamani? Basi na mimi niwekwe makumbusho.

Besi Nzito
Mkuu, hesabu miaka mwenyewe, utakaa kimya.

Mgeni wa Vijiti
Nimecheka. Na zile za Kijapani zenye majina yasiyojulikana, za sitini? Nimeona moja ya bei ya chini sana, rangi yake inameta.

Fundi Mizinga
Nazo ni nyingi. Viwanda vya Japani vilizitengeneza kwa ajili ya kuuza nje, mwagizaji akabandika jina lake. Mzinga unaweza kulia vizuri ajabu. Udhaifu uko kwenye chuma: vishikilia skrubu ni laini, vinapasuka ukikaza, na kupata kingine kinachofanana ni kubahatisha. Kama mapambo ya chumba, chukua. Kama chombo cha mazoezi ya kila siku, hapana. Japani iliyotulia ni ya kuanzia katikati ya sabini: Yamaha walipotoa zile za mti wa birch mwaka 1975, na Tama, na Pearl wa wakati huo.

Mimi ningeanza na Tama, Ludwig nikaiacha kwa siku ambayo sikio litakuwa linajua linachotafuta. Nenda na ufunguo wa dramu mfukoni. Zungusha kila skrubu, moja moja, mpaka uhakikishe hakuna iliyokufa nyuzi. Kama seti ina snea, kagua pia swichi yake ya kukaza na kulegeza nyaya, ishike na iachie bila kukwama.

Shabiki wa Sitini
Sikubali, ila hoja ya skrubu naiunga mkono.

Mama Tempo
Na yoyote utakayochukua, usiihukumu kwa ngozi ulizoikuta nazo. Zile kuukuu zimeshalegea katikati. Weka za tabaka moja zilizopakwa nyeupe, juu na chini, kaza kwa kuvuka upande hadi upande badala ya kuzunguka, ndipo uisikilize. Bajeti ya ngozi itenge mapema, kabla hujampa muuzaji hela yote.