Mrejesho: kompyuta iliyokuwa inaganda, kumbe ni joto

Wakuu, wiki 2 zilizopita niliomba msaada: kompyuta ya mezani ya steshenari yangu hapa Mwanjelwa inaganda kila baada ya dakika 20 hivi, mshale hausogei, mpaka ushikilie kitufe izime. Wengi mlisema tatizo ni RAM, vile vibao vya kumbukumbu ya muda. Nikazichomoa, nikafuta meno yake kwa raba ya penseli, nikajaribu moja moja. Wapi! Fundi mmoja naye alitaka apige Windows upya, bora sikumsikiliza.

Aliyesema nipime joto ndiye aliyepatia, ingawa nilimcheka kimoyomoyo. Joto, Mbeya, mwezi wa saba? Programu ikaonyesha prosesa (ubongo wa kompyuta) iko nyuzi 96, na nimefungua Word tu. Kufungua kava: vumbi limelala kama blanketi kwenye hitisinki, kile chuma cha kupoozea prosesa, feni inajivuta, pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki imekauka imekuwa unga. Nikapuliza vumbi, nikafuta pesti ya zamani kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya mchele.

Sasa inacheza nyuzi 50 hadi 60, siku ya nne haijaganda. Yule mama ambaye risala yake ya harusi ilipotea mara 2 ameichukua jana.