Zao Onsen: tumeuziwa picha ya kiangazi msimu wa theluji, na hela hawarudishi!

Wakuu, salaam. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite. Nina hasira na sitaki kuambiwa "pole".

Naishi Saitama, Japani. Mwezi wa pili shemeji yangu alikuja kututembelea kutoka Dodoma, na kitu alichokuwa anakililia ni theluji. Tukamlipia kifurushi cha majira ya baridi kwenye ryokan moja (nyumba ya wageni ya Kijapani) pale Zao Onsen, kijiji cha chemchemi za maji moto, mkoa wa Yamagata, milimani kaskazini. Siitaji jina maana bado tunavutana nao. Bei yen 31,000 kwa kichwa kwa usiku mmoja. Kwa kichwa, si kwa chumba, muelewe hilo kabla hamjaanza kupiga hesabu. Tangazo lilisema: siku mbili za skii na vifaa vyote, kupanda mlimani usiku kuangalia juhyo (miti iliyogandiwa na barafu) zikiwa zimemulikwa taa, na kuoga kwenye lile bwawa kubwa la wazi la kijiji. Tukatoa hela mapema, wote watatu.

Tumefika mapokezi saa tisa alasiri, maana kabla ya hapo chumba hupewi, tunakuta karatasi imebandikwa mezani: upepo mkali, gari la nyaya la juu limesimama, leo hakuna kupanda. Dada wa mapokezi akainama mpaka nikaona kisogo. Nikamuuliza, sawa, ile hela ya kupanda mlimani mnaturudishia lini? Akainama tena.

Hapa nieleze kidogo ili muone usanii ulipo. Juhyo ni miti ya misindano, ile yenye majani membamba kama sindano, iliyogandiwa na barafu mpaka inakuwa kama mazimwi yamesimama mlimani. Upepo wa baridi kutoka Siberia unavuka Bahari ya Japani, unazoa unyevu, ukifika Zao unakuwa umebeba vitone vya maji vilivyopoa chini ya sifuri lakini havijaganda. Vikigonga tu mti, vinaganda hapo hapo, na barafu inajijenga kuelekea upepo unakotoka, theluji inajazia. Yaani bila upepo mkali juhyo hazipo! Na upepo huo huo ukizidi ndio unaosimamisha gari la nyaya. Hili kila mwenye nyumba ya wageni pale kijijini analijua tangu utoto wake. Gari lenyewe lina sehemu mbili, ya chini inaishia Juhyo Kogen na ya juu inakwenda hadi Jizo Sancho, mita 1,661, huko wazi kabisa upepo unapiga unavyotaka. Sasa unauzaje kitu ambacho unajua fika kuna siku hakitakuwepo, halafu usiandike hata mstari mmoja kwamba kisipokuwepo itakuwaje?

Jibu lao eti hali ya hewa si kosa lao. Sawa, mimi sijawashtaki kwa upepo. Ila ile tiketi ilikuwa vocha, karatasi ya njano unayopeleka dirishani kwenye gari la nyaya ndipo wakupe tiketi yenyewe. Yangu ninayo hadi leo, haina muhuri wala haijachanwa. Kama vocha haijafika dirishani, nani amelipwa? Hela iko kwao.

Hilo la upepo ningeweza kulimeza. Lililonichefua ni bwawa.

Kuna bwawa la wazi maarufu pale, Dai-rotenburo, kando ya kijito juu ya kijiji, maji ya moto yanashuka katikati ya mawe. Kwenye tangazo la kifurushi cha BARIDI ndiyo picha kubwa kuliko zote. Nikauliza tunafikaje kwa miguu kwenye theluji ile, naambiwa limefungwa. Mpaka lini? Mpaka mwezi wa nne. Wakuu, linafungwa kila mwaka msimu wa theluji! Si ajali, si ukarabati. Usiku nikafungua tena lile tangazo kwenye simu nikaikuza picha: pembeni kulia kuna matawi ya majani mabichi, ya kijani kibichi cha kiangazi, wamekata picha ili yasionekane ila mawili matatu yamewaponyoka. Mtu alikaa chini akaikata picha ile akijua anachofanya. Huku ndiko kupigwa changa la macho mchana kweupe.

"Siku mbili za skii" nazo sikilizeni. Unaingia saa tisa, lifti nyingi za kupandisha watu wa skii mlimani zinafunga saa kumi na moja jioni, chakula cha usiku saa kumi na mbili kamili na ukichelewa unaonekana umewatukana. Asubuhi lifti zinaanza saa mbili na nusu, chumba unatakiwa uwe umetoka saa nne. Hizo siku mbili mnazioneje? Na mimi sikuskii kabisa, kwa sababu buti za kukodi ziliishia sentimita 29, wakati kwenye fomu yao waliniuliza saizi nikaandika 30. Kijana wa vifaa akacheka, Afrika na skii wapi na wapi. Nikamwambia mwaka 1998, hapa hapa Japani, kwenye Olimpiki ya Nagano, Philip Boit wa Kenya aliteleza kilomita 10 akamaliza wa mwisho, na bingwa mwenyewe Bjørn Dæhlie akamsubiri pale mwisho wa mbio amkumbatie. Hakuwa anajua. Akanyamaza, ila buti haikupatikana.

Kesho yake upepo ulitulia, tukapanda kwa hela yetu mfukoni maana vocha eti ilikuwa ya jana usiku. Njiani ni kuzuri, siwezi kusema uongo, shemeji alipiga picha mpaka simu ikazima. Kufika kileleni unakuta miti mingi ni vigingi vitupu. Mwaka 2013 viwavi walianza kula majani ya ile misindano, baadaye wakaja mbawakavu wa magome wakamalizia. Mti uliokufa hauna majani ya kushikilia barafu, kwa hiyo zimwi halinenepi. Wenyeji wanahangaika kupanda miche, nawapa heshima yao. Lakini tangazo linaonyesha mazimwi yamejazana mpaka kwenye kituo cha juu, picha ya miaka ile. Andikeni basi kwamba ni ya zamani!

Haki yao niwape: maji ya kuogea ya pale ryokan ni moto kweli, yana salfa na asidi kali, mgongo wangu ulilegea, na nyama ya kondoo ya kuchoma mezani ni ya kurudia sahani. Ila mkufu wa fedha wa shemeji ulitoka kwenye maji hayo mweusi tititi. Onyo lilikuwepo ukutani, kwa Kijapani tu, ilhali tangazo la kuchukua hela zetu lilikuwa na lugha nne.

Sasa ni danadana. Wakala niliyemlipia mtandaoni ananirusha kwa ryokan, ryokan inanirudisha kwa wakala, kila mmoja kwa lugha tamu iliyojaa samahani. Nimewaandikia wote wawili barua moja, nimeambatanisha vocha, tangazo na ile picha ya majani mabichi. Nadai hela ya kupanda mlimani ya watu watatu na ya buti ambazo sikuzivaa. Kodi ya kuoga yen 150 wabaki nayo, hiyo ni ya serikali.

Wakikaa kimya mpaka Ijumaa napiga 188, namba ya malalamiko ya walaji, inakuunganisha na kituo cha karibu yako. Mkuu yeyote aliyewahi kuipiga kwa suala la hoteli aje aseme: walitaka karatasi zipi, na walikubali tangazo lililopigwa picha kwenye simu au lazima lichapishwe? Wa "Wajapani hawadanganyi" nawaomba kwanza waiangalie hiyo picha niliyoweka hapo chini, kona ya kulia.