Mama kakanyaga kaa la moto hakusikia, ila usiku analia miguu inamuwaka. Inawezekanaje?

Binti Korogwe
Shikamooni wakubwa. Naombeni mnieleweshe.

Mama ana miaka 63, ana sukari mwaka wa 14 sasa. Jumamosi alikuwa uani peku anakoroga uji, kaa likadondoka kutoka kwenye jiko akalikanyaga. Mimi ndiye niliyesikia harufu. Kugeuka, naona moshi unatoka chini ya unyayo wake na yeye anaendelea kukoroga. Lengelenge limetoka ukubwa wa sarafu ya mia mbili.

Lakini mama huyuhuyu usiku halali. Anasema nyayo zinawaka moto, hata shuka likimgusa vidole anashtuka. Na asubuhi akinawa uso, akifumba macho tu kwa ajili ya sabuni, anayumba mpaka ashike ukuta. Jirani anasema karogwa. Kliniki anakokwenda wanampima sukari kila mwezi, ila hajawahi kuambiwa avue viatu. Mguu uliokufa ganzi unaumaje?

Nesi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Lengelenge kwanza: usilitumbue, usipake dawa ya meno, mpeleke hospitali leo. Usiseme "haliumi, litapona". Kidonda kisichouma ndicho nilichokiogopa miaka yangu yote kliniki.

Sasa swali lako. Unyayo hauna neva, yaani mishipa ya fahamu, za aina moja. Kuna nene, zimevikwa ala ya mafuta. Hizo hupeleka mguso, mtetemo na habari ya mguu umekaaje, tena kwa kasi, zaidi ya mita 30 kwa sekunde. Na kuna nyembamba, za joto na maumivu, ambazo nyingi hazina ala na hutambaa mita moja hivi kwa sekunde. Kumbuka ukijikwaa kidole: pigo unalisikia papo hapo, yale maumivu mazito yanafuata nyuma. Kwenye ncha za hizo nyembamba kuna protini inayofunguka joto likipita nyuzi 43 hivi. Pilipili nayo huifungua hiyohiyo, ndiyo maana mdomo unawaka na hakuna moto. Aliyeigundua, David Julius, alipewa Nobel mwaka 2021.

Neva ya kidole gumba cha mguu ina seli yake kiunoni, kando ya uti wa mgongo. Ni uzi mmoja, karibu mita nzima, na chakula chake kinashuka kutoka huko juu. Sukari ikipanda miaka mingi inauharibu uzi huo pamoja na vijishipa vya damu vinavyoulisha, na ncha ya mbali ndiyo inayotangulia kufa. Ndiyo maana ganzi huanza vidoleni, miguu yote miwili, ikapanda kama soksi. Ncha zikishakufa, kaa halisikiki. Ila sehemu ya uzi iliyobaki, ikiwa imeumia, haitulii. Inatuma habari za moto yenyewe usiku kucha, na ubongo unazipokea kama kawaida. Mama anaungua kweli, mwanangu. Msimwambie anajisikiliza mno, na huyo jirani mwambie hakuna mchawi.

Kuyumba ni zile neva nene. Mtu husimama kwa macho, sikio la ndani na habari za miguuni. Miguu ya mama imenyamaza, akifumba macho anabakiwa na sikio tu. Mjaribu: afumbe macho, mshike kidole gumba kwa pembeni (si juu na chini, mkandamizo utamwonyesha jibu), ukipandishe au ukishushe kidogo, aseme kimekwenda wapi.

Kama anatumia metformini, vile vidonge vya sukari, ombeni apimwe vitamini B12. Dawa hiyo ikitumika muda mrefu huweza kuishusha, na upungufu wake nao huumiza neva. Kwa maumivu ya usiku panadol haifui dafu. Kuna dawa za neva, daktari atachagua.

Baba Zuhura
Pole sana dada. Mimi nilitembea kutwa na kizibo cha soda ndani ya kiatu, nikakijua jioni nilipoona soksi ina damu. Siku hizi sivai kiatu kabla sijaingiza mkono ndani. Na maji ya kuoga mama asipime kwa mguu, mpimie wewe.

Binti Korogwe
Asanteni, Mungu awabariki. Tumetoka hospitali, kidonda kimesafishwa na damu imechukuliwa kwa ajili ya hiyo B12.

Nesi, lile jaribio nimelifanya jana usiku. Mama kalala chali, kafumba macho. Nikakipandisha kidole, nikakishusha, nikakipandisha tena. Kimya. Nikamuuliza, "Mama, kiko juu au chini?" Akasema, "Si uanze basi, nakusubiri."

Nimefunga taa juu ya karo la kunawia na leo tunakwenda sokoni kumtafutia viatu vya kufunika.