Tumelipia Ngorongoro, tukaonyeshwa kreta kwa mbali. Hawa mawakala wa utalii wa ndani ni wapigaji

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na nitaandika kwa hasira. Anayechoshwa na uzi mrefu apite tu.

Likizo hii ya katikati ya mwaka tulichanga kifamilia: mke wangu, mashemeji, watoto na mama mkwe, tutoke Dar twende Ngorongoro. Kuna kampuni ya Arusha tangazo lake lilikuwa linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Ngorongoro, kila kitu ndani, 280,000 kwa kichwa." Picha ni faru na mtoto wake kwenye nyasi, nyuma unaonekana ukuta wa kreta, lile shimo kubwa ambamo wanyama wamo. Jina la kampuni silitaji, bado nawabana warudishe hela zetu.

Siku yenyewe tumeambiwa tukae tayari saa 12 asubuhi. Coaster imekuja saa 3. Tukazunguka Arusha mjini kuokota abiria wengine, tukasimama Mto wa Mbu kununua ndizi nyekundu (hapo sina neno, ndizi ni tamu), tukasimama tena Karatu kujaza mafuta. Loduare, geti la kuingilia Ngorongoro, tumefika mchana, saa 7 imeshapita. Tukapandisha ule msitu wenye ukungu hadi kwenye kituo cha kutazamia kreta. Kijana waliyetupa kama mwongoza watalii akasimama mlangoni: "Jamani, tuna dakika arobaini hapa, pigeni picha, halafu tunageuza."

Tunageuza? Tunageuza kwenda wapi?

Ndipo anatuambia Coaster hairuhusiwi kushuka ndani ya kreta. Na ni kweli hairuhusiwi, wala si siri. Kule chini wanaruhusu gari zinazovuta magurudumu yote manne tu, na ukiiona ile barabara ya kushukia ya Seneto inavyoporomoka utaelewa kwa nini. Ukuta wa kreta una kimo cha kama mita 600. Sasa kama kampuni inajua hivyo, na ofisi yao iko Arusha, kwa nini wanatangaza faru halafu wanaleta Coaster?

Nikampigia bosi wao. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Kaka, kwani Ngorongoro mmefika au hamjafika? Kushuka kreta ni ziada, mngesema mapema." Nikamwambia tangazo limeandikwa kila kitu ndani. Akajibu, "Ndani ya hifadhi, ndiyo. Si mko ndani?" Jamani! Mtu mzima kabisa huyu.

Nikaomba nione risiti ya getini. Kiingilio chetu kipo, cha gari kipo, ada ya kushuka kreta haipo. Maana yake hata wazo la kutushusha halikuwepo tangu wanaomba namba ya malipo. Ada ya kushuka hutozwa kwa gari, si kwa kichwa, ndiyo maana wageni hubanana sita au saba kwenye Landcruiser moja wagawane. Kwa wageni ni dola 295 kwa gari, kodi ikiwa ndani. Sisi raia kiingilio ni 11,800 kwa mtu mzima. Piga hesabu mwenyewe, toa mafuta, toa ule wali na robo ya kuku wa baridi kwenye boksi, uniambie 280,000 yangu imelala kwa nani.

Kwa ambao hawajafika: ukiwa kule juu unaona sakafu nzima ya kreta, kilomita za mraba kama 264, na ziwa Magadi limetulia katikati. Ni pazuri, siwezi kusema uongo. Ila nyati wanaonekana kama punje za pilipili manga kwenye sahani. Watoto walikuwa wananiuliza, "Baba, simba yuko wapi?" Nawaonyesha wapi mimi? Mtu mmoja alikuwa na darubini, tukaikopa kwa zamu. Na baridi! Pale ukingoni ni zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, mwezi wa sita huu, na hakuna aliyetuambia tubebe makoti. Mama mkwe kajifunga kanga mbili na bado anatetemeka.

Halafu huyo mwongoza watalii. Mwanangu wa darasa la tano kamuuliza hili shimo lilitokeaje. Kamjibu bila aibu kwamba kilianguka kimondo. Bahati mbaya yake mama mkwe ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Akamgeukia pole pole: "Mwanangu, kimondo kiko Mbozi. Hapa palikuwa na mlima wa volkano, ukatapika hadi tumbo likabaki tupu, kilele kikaporomoka kikaingia ndani. Miaka zaidi ya milioni mbili imepita." Kijana akacheka cheka, akasema, "Ndiyo mama, ni vitu vinavyoendana." Vinaendana na nini? Mama akaendelea kuwaeleza watoto habari za Olmoti na Empakaai, kreta nyingine za jirani, na kwamba volkano iliyo hai ni Oldoinyo Lengai, huko upande wa Natron, ile iliyolipuka 2007. Abiria wa watu wengine wakaja kumzunguka. Kwa kifupi tulilipa mwongoza watalii halafu kazi ikafanywa na mama mkwe, bure.

Ishara zilikuwepo kwenye tangazo lenyewe, na ndiyo sababu nafungua uzi huu, wengine wasiliwe. Wameandika "Hifadhi ya Taifa ya Ngorongoro". Ngorongoro si hifadhi ya taifa, haiko chini ya TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa. Tangu 1959 ilipomegwa kutoka Serengeti ina mamlaka yake, na wafugaji wanaishi humo na mifugo yao. Wakala asiyejua hata hilo anakupeleka wapi? Wameandika pia kwamba tutaona twiga ndani ya kreta. Ndani ya kreta hakuna twiga, wadau. Muulize dereva yeyote wa Karatu.

Mtu akikuuzia safari ya Ngorongoro mbane hivi: tunashuka au hatushuki, kwa gari gani, na saa ngapi tunakuwa getini. Akianza "boss usijali", kata simu. Wanaojua kazi wanakulaza Karatu usiku, geti likifunguliwa saa 12 asubuhi mko pale. Mnashukia Seneto, mnazunguka taratibu, mnakula chakula Ngoitokitok kando ya bwawa la viboko (kuleni ndani ya gari, mwewe wa pale wanapora nyama mkononi), mnapandia Lerai. Kutoka Arusha saa 3 asubuhi na kurudi Arusha usiku huohuo, hata kwa Landcruiser, ni kukimbizana tu, maana jioni saa 12 unatakiwa uwe umeshatoka. Kama mna Coaster yenu si dhambi, iacheni Karatu mkodi gari za kushukia pale pale. Ila hiyo gharama iandikwe kwenye makubaliano kabla hujatuma hata shilingi.

Na msije hapa kusema Watanzania hatupendi utalii wa ndani. Tunapenda sana! Mashemeji zangu walichanga tangu Januari. Kinachotuondoa hamu ni huyu dalali anayemnyenyekea Mzungu, anampelekea gari lenye paa la kufunguka na maji ya baridi, halafu mswahili mwenzake anamrundika kwenye Coaster yenye dirisha lisilofunga, kwa imani kwamba hatajua tofauti.

Sasa naombeni msaada wenu. Hii kampuni wanasema leseni ya TALA, ile ya wakala wa utalii, wanayo, ila kila nikiomba nakala wananitumia picha ya kalenda yao. Kuna aliyewahi kumshtaki wakala wa hivi akarudishiwa hela? Ulianzia wapi, polisi au wizarani? Nina tangazo, nina risiti, nina sauti za WhatsApp.

NYONGEZA: Bosi wao kanitumia ujumbe sasa hivi. Hela harudishi, ila anatupa "ofa ya kutuliza" ya punguzo la safari ya Mikumi. Nimemuuliza, huko Mikumi tutaingia getini au tutaangalia wanyama tukiwa barabara kuu ya Iringa inayokatiza hifadhi, kama abiria wa mabasi? Kaona ujumbe. Hajajibu.