Klabu ya maigizo shuleni kwetu Tabora: mila zipi zibaki, zipi tuziache?

Mwalimu wa Isevya

Habari za jioni wadau. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kwenye sekondari moja ya bweni hapa Tabora mjini, wavulana na wasichana, na mwaka huu nimekabidhiwa ulezi wa klabu ya maigizo baada ya mlezi aliyekuwepo kuhamia Nzega. Naombeni mawazo yenu maana mahafali ya fomu foo yanakaribia na mambo bado hayajakaa sawa.

Klabu hii ni ya siku nyingi na ina mila zake. Usiku wa kuamkia mahafali wanapiga igizo kubwa bwaloni, meza za chakula zinasogezwa pamoja zinakuwa jukwaa, pazia ni mashuka ya bweni yameshonwa na matroni. Kuna sanduku la bati la mavazi, na humo kuna joho moja la kitenge ambalo huvaliwa na yule anayecheza mtemi au baba au mkubwa yeyote kwenye igizo la mwaka huo, na kila aliyelivaa anaandika jina lake na mwaka kwa biki kwenye kitambaa cha ndani. Nimelifungua juzi nikakuta majina mpaka ya wazazi ambao sasa hivi watoto wao wanasoma hapa hapa. Fomu foo anayemaliza anamvisha mrithi wake mbele ya shule nzima. Kwakweli hilo nalipenda kuliko chochote hapa shuleni.

Sasa kuna lingine wanaliita kubatizwa. Fomu wani akijiunga anaitwa usiku baada ya prepo, anasimamishwa mbele ya kaka na dada zake wa klabu wanamwambia lia kama mjane, cheka kama mwehu, tembea kama mlevi, na wakiona hajaweza wanamzomea mpaka basi. Baada ya hapo mwaka mzima kazi yake ni kubeba mabenchi na kufua yale mavazi, skripti haigusi. Mwaka jana binti mmoja mwenye sauti nzuri mno aliacha klabu wiki hiyo hiyo na mpaka leo ukimgusia habari za maigizo anainamisha kichwa. Nikiwaambia wakubwa tuache hili wananijibu "mwalimu ndo mila yetu, na sisi tulipita."

Jambo la pili ni wageni kutunza. Mzazi anaona mwanae yuko stejini analia msibani, anapanda na noti anambandika kwenye paji la uso, shangazi naye anakuja na kitenge anamfunga, igizo linasimama.

La tatu, uongozi unataka siku hiyo tupewe nusu saa tu maana kuna MC na muziki. Na bado hatujachagua igizo. Mngekuwa nyie mngeanzia wapi?

---

Binti Ujiji

Mwalimu pole na majukumu. Mi nimesoma Kigoma, shule ya wasichana watupu, na maigizo ndo yaliyonifanya nikaweza kusimama mbele za watu, kwahiyo hili naliongea kwa moyo wote. Huo ubatizo ufute mwaka huu huu, usisubiri. Mtoto wa miaka 13 au 14 katoka kijijini Buhigwe au Sikonge ndo kwanza anazoea kulala mbali na mama ake, unamzomea usiku mbele ya watu, hapo hujamfundisha kuigiza, umemfundisha kwamba stejini ni mahali pa kuaibishwa.

Sisi tulikuwa na utaratibu wa sentensi ya kwanza. Kila mgeni wa klabu lazima apewe sentensi moja kwenye igizo la mwaka ule ule, moja tu, lakini ya kweli, yenye kazi kwenye hadithi. Yangu ilikuwa "Mama, mtumbwi umerudi mtupu." Basi. Nilikuwa nacheza mtoto wa mvuvi. Nilifanyishwa mazoezi ya hiyo sentensi na dada mmoja wa fomu thrii mpaka nikaiota, alikuwa ananiambia usiiseme ukiwa umesimama, kimbia kwanza toka mlangoni mwa bwalo, fika, shika nguzo, vuta pumzi, alaf ndo useme ukiwa unamwangalia mama tu, watu usiwaangalie. Siku ya siku nilivyosema bwalo zima likanyamaza, nikasikia mtu kule nyuma anasema "mungu wangu". Toka siku hiyo nikawa mtu wa klabu. Sikubatizwa na mtu.

Na yule binti aliyeacha mfuate mwalimu, ila usimwite ofisini. Mtume msichana mwenzie ampelekee sentensi yake kwenye karatasi, amwambie hii ni yako tunakungoja.

Kuhusu kutunza, usikataze. Watu wa huku ukiwakataza kutunza umewakataza kufurahi. Sisi tulikuwa tunaweka ungo mbele ya jukwaa, MC anatangaza kabla ya kuanza kwamba mwenye zawadi aweke kwenye ungo, na mwisho wahusika wote wanatoka mstari mmoja hapo sasa mashangazi waje na vitenge vyao wacheze mpaka wachoke. Hela ya ungo ilikuwa inaenda Mwanga sokoni kununua vitambaa vya mwaka unaofuata.

---

Kinara wa Kasulu

Naungana na dada hapo juu ila sio kwa yote. Kuzomewa kuondoke sawa, lakini kubeba mabenchi mwalimu usikufute. Hiyo klabu haina fundi wa kulipwa wala haina gari. Mabenchi yanabebwa na nani? Mi nimekuwa nyuma ya pazia miaka yangu yote ya shule, sijawahi kusema neno stejini na sikutaka, nilikuwa mtu wa taa na sauti za nje, bati la radi, mchanga kwenye debe kuwa mvua, na ile kazi niliiheshimu sana. Kosa ni kwamba huko kwenu kazi ya mikono imegeuzwa adhabu ya wadogo. Weka sheria kwamba anayecheza mtemi nae anabeba benchi, tena abebe la kwanza. Ukiona fomu foo kabeba benchi kichwani anaimba, fomu wani wataligombea hilo benchi.

Kingine, umeme. Usitegemee spika za muziki kwenye igizo. Maiki moja inazungushwa mkono kwa mkono watu wanaigiza huku wameshika waya, linakuwa sio igizo tena. Wafundishe kutoa sauti kutoka tumboni, uwapeleke uwanjani jioni mmoja asimame goli hili mwingine goli lile waambizane maneno ya skripti bila kupiga kelele mpaka wasikilizane. Wakiweza hapo bwaloni ni mteremko.

---

Mzee wa Cheyo

Mwalimu nimefurahi kusoma haya, sisi wengine tulikuwa wanafunzi miaka ya sabini hapo hapo Tabora wakati kila sherehe ya shule ilikuwa lazima iwe na ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 marehemu Mathias Mnyampala aliikuza sana ile sanaa, watu wawili au makundi mawili wanajibizana kwa shairi, mjinga anauliza mwerevu anajibu, na tukawa tunazikariri darasani tunazisema paredi. Zilikuwa zinafundisha siasa ya Ujamaa ndio, lakini kwa mtoto zilimpa mambo mawili ambayo naona sasa yanapotea, kumbukumbu ya maneno marefu na uvumilivu wa kumsikiliza mwenzio mpaka amalize ndipo umjibu. Kwahiyo mawazo yangu, hao wageni wako fomu wani wapange makundi mawili wafungue igizo kwa ngonjera fupi. Wataingia stejini kwa wingi, hakuna anayesimama peke yake akaogopa, na sentensi ya kila mmoja aliyoisema Binti Ujiji inapatikana humo humo.

Tena mji wetu huu una haki ya kujivunia jukwaa. Mwalimu Nyerere alisoma Tabora kuanzia 1937, akarudi kufundisha St. Mary's alipotoka Makerere, na ndiye aliyekuja kuzitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, ya kwanza ikatoka 1963 na Mabepari wa Venisi 1969. Rais wa nchi na shughuli zote zile anakaa usiku anatafuta maneno ya kumpa Shailoki, yule mkopeshaji wa kwenye Mabepari! Waambie watoto hilo, wajue kuigiza sio mchezo wa watu wasio na kazi.

Igizo gani? Kama unataka lililokwisha andikwa, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein inafaa shule kubwa kwasababu ina umati, wanakijiji, askari, wanawake wanaolalamikia njaa, kila mtu anapata pa kusimama. Lakini kwa lile joho lako ningesema tungeni la kwenu. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipigana na Wajerumani hapa hapa, na Januari 1893 boma lake lilipovunjwa akaona bora ajilipue na baruti kuliko kukamatwa. Watoto wanapita kwenye ardhi ile ile kila siku. Ila mwalimu naomba msiandike vita tu, vita jukwaani huwa inageuka kukimbizana na fimbo watu wanacheka. Andikeni usiku wa mwisho ndani ya boma, nani anabaki, nani anataka kuondoka, mama anamfunga mtoto mgongoni, mtemi anasikiliza. Risasi ziwe nje, huyo kijana wa Kasulu kashakwambia bati linafanyaje kazi.

---

Dada wa HKL

Shikamoo mzee, shikamooni wote. Mi niko fomu sikisi, sio shule ya mwalimu ila jirani. Kuhusu nusu saa, sisi ilitutokea hivyo hivyo, uongozi ukabana muda. Tulichofanya tuliomba Ijumaa ya wiki moja kabla tukacheza igizo zima kwa ajili ya wanafunzi na walimu tu, bila wageni, alaf siku ya mahafali wazazi wakaoneshwa sehemu moja ile kali kuliko zote. Ijumaa ndo ilikuwa tamu zaidi jamani kwasababu watazamaji wanakujua, ukikosea wanakusaidia, ukipatia wanaitikia, wale wa bweni lako wanakuita jina la mhusika mpaka mtihani unaisha. Na mkuu wa shule alivyoona ile Ijumaa mwenyewe akaongeza dakika.

Na mwalimu, mazoezi yawe kabla ya prepo, sio baada. Walimu wa hesabu wakiona klabu inakula prepo hutapata mtu.

---

Mwalimu wa Isevya

Asanteni sana, nimesoma mara mbili mbili na nimewasomea pia viongozi wa klabu leo jioni. Ubatizo umeondoka. Haikuwa rahisi, mwenyekiti wao alinuna, akasema sasa mtu atajuaje kwamba ameingia klabu. Nikamjibu kwa maneno ya Binti Ujiji, atajua siku atakayosema sentensi yake. Akakaa kimya alaf akauliza hizo sentensi ataziandika nani, nikamwambia wewe. Kaondoka na daftari.

Mzee wa Cheyo shikamoo, la Isike limepita kwa kura na kelele, na ngonjera ya kufungua tumeshaanza kutafuta vina. Wasichana wamedai usiku wa mwisho bomani uwe wao, wanawake ndo waamue nani anabaki, na nimeona wana hoja. Ijumaa nimeomba, nasubiri jibu.

Yule binti nimemtumia karatasi kupitia rafiki yake wa bweni. Karatasi haijarudi, na mpaka sasa hajasema ndio wala hapana.

Binti Ujiji nina swali moja dogo, huo ungo mlikuwa mnauweka katikati au pembeni? Jukwaa letu ni meza, naogopa watu wakisogea kwa pamoja watazisukuma.

---

Binti Ujiji

Pembeni mwalimu, upande wa mlangoni, juu ya kigoda, na umpe fomu wani mmoja mchangamfu akae nao avae vizuri, watu wanapenda kuona wanayemkabidhi. Meza zifungeni miguu kwa kamba, mbili mbili, alaf jaribuni kwa watu wazima kuruka juu yake kabla ya Ijumaa. Na huyo binti mpe muda, sentensi yake usimpe mtu mwingine.