Nasaga TpPa-1 kwenye kinu, eksirei inanikatalia. Nimekosea wapi?

Kemia_Chinangali: Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Niko Dodoma, mwaka wa pili wa uzamili. Natengeneza TpPa-1, unga wa vinyweleo vidogo mno unaojengwa kwa matabaka ya aldehidi na amini zilizoungana. Njia iliyozoeleka ni kuzichanganya kwenye viyeyushi vya mesitileni na dioksani, kugandisha tyubu kwa nitrojeni oevu, kuvuta hewa, kuifunga kwa moto, kisha siku 3 kwenye oveni ya 120°C. Nitrojeni yenyewe ni ya kusafiria, tyubu moja ilinipasukia, na nyingine umeme ulikatika usiku wa pili. Nikahamia kinuni: aldehidi moli 2 kwa amini moli 3, nikasaga dakika 45. Njano, chungwa, hadi wekundu wa damu ya mzee. Nikafurahi! Eksirei, ile ya kupima kama unga umejipanga kifuwele, imerudi na kilima kimoja kipana kwenye pembe ya digrii 27. Msimamizi kasema hilo ni tope, halina mpangilio.

Mzee_wa_Bureti: Kipimo kilianzia digrii ngapi?

Kemia_Chinangali: 10, mkuu. Fundi wa mashine kazoea watu wa miamba.

Mzee_wa_Bureti: Basi hujaona kitu, mdogo wangu. Kilele kikuu cha TpPa-1 kiko karibu na digrii 4.7. Hicho cha 27 ni matabaka yaliyolaliana. Mwambie aanzie 3. Ila usitegemee makubwa, mchi huchambua matabaka: waliochapisha njia ya kinu walipata eneo la uso, pamoja na la ndani ya vinyweleo, la mita mraba 61 kwa gramu, ya tyubu 535.

Tofali_Mbichi: Kama unataka nyingi, achana na kinu kikavu. Rahul Banerjee na wenzake kule India walionyesha 2017: changanya amini na asidi ya paratoluini-salfoniki, tia aldehidi, maji kidogo mpaka ikandike kama udongo wa tofali, kisha 170°C kwa dakika 1. Dioksani hutaiona. Mimi nimefika gramu 5 kwa mkupuo. Kilichonishinda ni kuosha: ndoo kwa ndoo, na maji yanatoka na asidi, huwezi kuyamwaga tu ukajiita rafiki wa mazingira. Halafu glavu! Amini hiyo ndiyo ya kwenye piko nyeusi. Binamu yangu aliolewa na malengelenge mikononi.

Kemia_Chinangali: Nimerudia leo asubuhi kuanzia 3. Kipo! Kifupi, kinene, ila kipo: 4.6. Asidi nimeazima chumba cha jirani, ndoo ninazo mbili.